Mikono ya Orrin

Kila alasiri, wageni walipoanza kuingia, wakaazi wa kambi ya matrela ya Twin Cedars walitoa viti vyao vya kukunja na kuvigeuza vitazame barabara. Hawakuwa na televisheni iliyoishinda burudani hiyo. Mgeni angekuja akivuta nyumba yake ya magurudumu nyuma ya pikapu, mkewe angeshuka ili amwongoze kurudi kinyumenyume hadi kiwanjani, na kabla trela halijakaa, watu hao wawili waliofika wakishikana mikono wangekuwa wanaitana majina ya wanyama. Idabel, mjane mzee wa kiwanja cha kwanza, alikuwa akipiga makofi trela likikaa sawa, na akicheka hadi machozi likigonga kitu.

Kambi yenyewe ilikuwa imechoka. Bwawa la kuogelea lilikuwa limehamiwa na vyura. Bafu la wanawake lilikuwa na bomba moja tu la maji moto, na watu wawili wakiwasha viyoyozi kwa pamoja, umeme wa safu nzima ulikatika. Lakini ziwa lilikuwa bado zuri, waliokaa pale mwaka mzima walikuwa wamezoeana, na kwenye mpaka wa kiwanja cha saba na cha nane lilikuwepo jiwe. Lilikuwa jiwe la chokaa, refu hadi kiunoni, limejaa michirizi ya rangi za matrela yote yaliyowahi kulikwaruza. Watu wa kambi waliliita Mvunja Ndoa.

Verlene Pickard hakuwahi kulikwaruza. Alifika pale masika ya mwaka uliopita, akiendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Marehemu mumewe, Wendell, ndiye aliyekuwa akiendesha miaka yote, yeye akisimama nyuma kuelekeza na kufokewa. Siku ile alisimamisha pikapu katikati ya barabara ya kambi, watu wote wakimtazama toka vitini. Ndipo mwanaume mrefu aliyevaa kofia ya majani iliyopauka akasogea dirishani.

"Nikuongoze?"

"Ndiyo, lakini tafadhali usinipigie kelele," Verlene alimwambia. "Nikipigiwa kelele nalia."

Yule mwanaume, Orrin Stoddard, hakusema neno jingine. Alikwenda kusimama pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, na mikono yake ikaanza kusema. Kiganja kikivuta kuelekea kifuani: njoo. Kidole kikizunguka hewani: kata usukani. Vidole viwili vikikaribiana taratibu: bado kidogo. Mikono miwili ikipishana: simama. Trela lilipokaa, alivua kofia yake na kuiweka kifuani, na Verlene akaelewa kwamba basi, kazi imekwisha, zima injini uvute pumzi. Akazima. Akavuta pumzi. Alipoishusha, moyo wake nao ulikuwa umeshaegeshwa.

Sasa ulikuwa mwaka na zaidi. Orrin, aliyeishi kiwanja cha tisa na kutengeneza nguzo za umeme za kambi, alikuwa akila kwa Verlene kila jioni. Na Jumapili iliyopita alikuwa amemwomba jambo. Alitaka Verlene ahamishe trela lake kutoka kiwanja cha saba hadi cha nane, ubavuni mwa lake, naye ajenge baraza la mbao katikati. Baraza moja, milango miwili. Mbao zilishaletwa, zimefunikwa turubai. Verlene alimwambia ampe siku chache, si kwa sababu hakujua jibu, ila alipenda kulala nalo kidogo kabla hajalitoa.

Basi alasiri hiyo alikuwa amekaa kitini kando ya Idabel, bakuli la maharage machanga mapajani, anakata ncha zake, pikapu jeupe lilipoingia langoni likivuta trela refu.

"Mwanamke! Peke yake!" Idabel alisogeza kiti mbele. "Na trela refu namna ile! Leo tutakula uhondo."

Orrin alitoka kwenye kivuli na kwenda kusimama nyuma ya kiwanja cha nne. Aliinua kiganja na kukivuta kifuani.

Kwa kawaida hapo mgeni hushusha kioo na kupayuka, "Unasemaje?" Mwanamke yule hakuuliza. Orrin alizungusha kidole, na palepale magurudumu yakakata. Alikaribianisha vidole viwili, naye akapunguza mwendo. Kila mkono ulipomaliza kusema, trela lilikuwa limeshajibu. Liliingia kiwanjani kama droo inavyorudi kabatini. Mikono ikapishana. Likasimama.

"Aa!" Idabel alinung'unika. "Hata hawajatukanana?"

Verlene alikuwa ameacha kukata maharage. Hakujua bado ni nini kilichomchoma. Alijua tu kwamba mwaka mzima yeye amezisoma ishara zile kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa peke yake, na sasa mgeni ameingia na kuisoma barua hiyo hadharani bila kukwama hata neno moja.

Mlango wa pikapu ulifunguka. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa umri wa Verlene hasa, mwenye buti za ngozi na nywele za mvi alizozisuka msuko mmoja mnene. Alisimama kama mtu asiyejua aibu.

"Mikono yako haijasahau kitu, Orry," alisema.

Orry! Hakuna mtu kambini aliyemwita hivyo.

"Wala macho yako," Orrin alijibu.

"Nyie mnajuana?" Idabel aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi ziwani.

"Kujuana?" Mwanamke alicheka. "Bibi, huyu bwana alikuwa mume wangu! Tumeburuta matrela pamoja kutoka Texas hadi Montana. Hizo ishara tulizitunga sisi wawili, jikoni kwetu, maana mimi nikipigiwa kelele nalia."

Verlene aliinamia bakuli lake. Maneno yaleyale. Kumbe hata dawa ya machozi yake iliwahi kupikwa kwa ajili ya machozi ya mwingine, yeye akapewa kilichobaki chupani.

"Verlene," Idabel alimwita kwa upole ambao haukuwa desturi yake. "Unakata maharage au unayaua?"

Mwanamke yule aliitwa Coralee. Kabla jua halijashuka kambi nzima ilikuwa imelijua jina lake. Verlene alisimama nyuma ya pazia la jikoni akimtazama Orrin amepiga magoti kiwanja cha nne, anapanga vipande vya mbao chini ya magurudumu ili trela la Coralee likae sawa. Coralee alikuwa ameegemea mlango na kikombe mkononi, anaongea, anacheka, anaonyesha kwa kidole. Orrin hakuonekana kucheka. Lakini kwa mbali vile, na kofia ile, nani angeweza kujua?

Simu ikalia. Alikuwa binti yake, Jolynn, kutoka Tulsa.

"Mama, umelifikiria lile?"

"Lipi?"

"Mama! Chumba kipo. Watoto wanakuulizia kila siku. Wewe umeng'ang'ania huko na watu waliokosa pa kwenda, kwenye kambi hata mvua ikinyesha mnakaa gizani."

"Tunawasha taa za betri."

"Na huyo bwana. Unataka kutia nanga kwa mtu uliyemjua juzi. Hata hujawahi kuniambia anafananaje."

Verlene alisogeza pazia kidogo. Coralee alikuwa ameinama, anampa Orrin kikombe.

"Ana kofia," alisema.

"Ana nini?"

"Jolynn."

"Naam, mama."

"Nitandikie kitanda."

 Kwa miezi yote Jolynn alikuwa ameomba hilo, na alipolipata alisikika kama asiyejua alishike wapi. "Mama, kuna nini? Umelia?"

"Sijapigiwa kelele na mtu," Verlene alisema, akakata simu.

Alitoka nje na kuanza kukunja turubai la kivuli. Alichomoa mpira wa maji, akauzungusha duara zuri kama Wendell alivyomfundisha. Alipoinuka, Orrin alikuwa amesimama kando ya zile mbao za baraza, anafuta mikono kwa kitambaa. Harufu ya mwerezi mpya ilikuwa imejaa hewani.

"Maharage yameiva?" aliuliza.

"Yako yapo kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Anayekuita Orry."

Orrin alikaa juu ya mbao polepole. Kila kitu alikifanya polepole. Lilikuwa jambo ambalo Verlene alilipenda hadi saa ile.

"Ni kweli alikuwa mke wangu," alisema. "Nilikuambia niliwahi kuoa."

"Uliniambia uliwahi kuoa. Hukuniambia umenipa ishara za mkeo."

"Nilikupa ishara ninazozijua."

"Ungetunga nyingine!"

"Verlene, trela lilikuwa linakwenda kwenye jiwe. Hapakuwa na nafasi ya kutunga."

"Baada ya hapo umekuwa na mwaka mzima. Kila nikirudi sokoni unaniita kwa mkono uleule. Mimi nacheka kama mtoto, nasema hii ni lugha yetu, mimi na Orrin. Nimemwambia hata Idabel! Nimekaa pale kwenye kile kiti nikamwambia Idabel, sisi tuna lugha yetu. Leo amenitazama kwa huruma. Idabel! Unajua inavyouma Idabel akikuonea huruma?"

Orrin aligeuza viganja vyake na kuvitazama, kana kwamba ndivyo vilivyoulizwa.

"Mikono ni hii hii," alisema hatimaye. "Sikununua mingine."

"Ulijua anakuja?"

Orrin alikunja kitambaa chake.

"Alipiga simu akauliza kama kiwanja kipo. Nikamwambia kipo."

"Na mimi je? Hukuona wa kumwambia?"

"Niliogopa. Nilijisemea nikikuambia utaondoka."

"Na sasa?"

"Sasa naona umeshakunja turubai."

Verlene aliuangusha mpira wa maji chini. "Kesho asubuhi naenda kwa Jolynn. Utanisaidia kulikwepa jiwe, halafu tuagane kama watu wazima."

"Hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza Orrin kumkatalia kitu. Aliinuka, akanyoosha turubai juu ya mbao, akaingiza pembe zake chini vizuri ili upepo usilifunue.

"Kutoka hakuhitaji mtu wa kukuongoza," alisema. "Unakwenda mbele tu. Mtu anahitajika wakati wa kurudi."

Akaenda zake. Alizunguka kwanza kukagua nguzo zake za umeme, na njia hiyo ilipita mbele ya kiwanja cha nne; huko mlango ulikuwa wazi, taa inawaka. Verlene alijiambia hatamtazama. Akamtazama. Orrin alipita bila kugeuza kichwa, lakini wivu haukutaka kuamini macho; ulimweka dirishani hadi alipoona taa ya kiwanja cha tisa imewaka, kisha ukamweka tena kuhakikisha haizimi na kutoka tena.

Asubuhi alikwenda kuchukua nguo zake kwenye chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa nne na iliyofanya kazi ilikuwa moja, kwa hiyo watu waliacha nguo zao foleni na kupokezana. Coralee alikuwa amekaa juu ya mashine mbovu, miguu inaning'inia, anakunywa kahawa.

"Wewe ndiye wa trela lenye mstari wa buluu," alisema.

"Na wewe ndiye wa Orry."

Coralee aliinua nyusi, akatabasamu. "Unauma! Vizuri. Nilidhani safari hii atatafuta mpole."

"Umefuata nini hapa, Coralee?"

"Unataka nijibu kwa adabu au kwa kweli?"

"Adabu nimekula jana, haikunishibisha."

"Haya." Coralee alizungusha kikombe mikononi. "Nimekuja kuona kama bado ananitaka. Nimechoka kula peke yangu, dada. Nimechoka kupika sufuria moja nikala siku nzima. Nikasema, yule bwana hakuwa mbaya. Ni mimi niliyeondoka, nilikuwa mdogo na nilimwona mzito. Labda bado anasubiri. Wanaume wengine husubiri."

Verlene alijishikilia kwenye ukingo wa mashine. Angalau hakudanganywa na moyo wake.

"Jana nimemkaribisha kahawa," Coralee aliendelea. "Amekipokea kikombe, akakiweka juu ya tairi, akasema amezoea kunywea kwingine. Hajapanda hata ngazi yangu moja."

"Lakini mikono..."

"Mikono nini?"

"Mlivyoelewana. Kama watu mlioachana jana."

"Zile ishara?" Coralee alicheka kwa pua. "We mama! Njoo, kata, bado kidogo, simama. Vitu vinne vya kuegeshea gari. Unaweza kumfundisha punda."

"Vitano."

"Vinne. Tulizitunga mimi na yeye, nisizijue?"

"Kuna ya kofia," Verlene alisema.

"Kofia gani?"

"Anayovua mwishoni. Anaiweka hapa, kifuani. Maana yake zima, vuta pumzi."

"Mwisho ni mikono kupishana."

"Najua, lakini hii inakuja baadaye. Au wakati mwingine inakuja yenyewe tu. Kama nikitoka dukani, hata trela sijavuta, yeye akiwa pale kwenye nguzo zake za umeme. Anavua. Mimi nazima injini."

Coralee alishuka juu ya mashine. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kama mtu aliyesikia kitu nje.

"Orrin anavua kofia? Nje? Mchana?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Hata wakiwepo. Kwani kuna nini?"

"Dada, mimi nimeishi na yule mtu miaka kumi na kitu. Aliungua kichwani kwa jiko la gesi kabla sijamjua. Siku ya harusi yetu mchungaji alimwomba avue kofia, akasema bora harusi isiwepo. Kile kichwa mimi nimekijua kwa mkono, gizani. Kwa macho, hata siku moja." Alicheka, lakini cheko lenyewe lilikatika njiani. "Nilimbembeleza. Nikamwambia, mimi ni mkeo, unanificha nini? Hakuvua."

 Verlene alikuwa anairudia kichwani miezi yote, mmoja mmoja. Alikuwa ameiona ngozi ile ya waridi iliyokunjamana, ameiona mara nyingi sana, na hakuwahi kufikiri ni siri. Alidhani ni kichwa tu. Kila mara alipofunuliwa, yeye alikuwa akishughulika kuzima gari.

Coralee alimgeuzia mgongo na kufungua mfuniko wa mashine. Aliinama humo muda mrefu kuliko nguo zilivyohitaji, na alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Verlene aliitambua sauti hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi nayo tangu jana.

"Nguo zako ziko tayari," Coralee alisema. "Zichukue. Zichukue uende."

Habari kwamba Verlene anaondoka ilikuwa imeenea, na viti vilishatolewa asubuhi hiyo, kinyume cha kawaida. Watu walishika vikombe vya kahawa. Idabel alikuwa amevaa gauni la kulalia na sweta juu yake.

"Verlene! Unaniachia nani hapa?" alilalamika. "Hawa wote wanajua kuegesha!"

Verlene alifunga kiungio, akakunja jeki, akaitazama minyororo mara mbili. Alipanda kwenye pikapu. Orrin alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono mifukoni, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Kama alivyosema, hakumwongoza. Hakumzuia pia. Alipopita mbele yake, Orrin alimtazama mara moja tu, kisha akatazama chini kama mtu anayesoma mchanga.

Trela lilitoka. Lilipita jiwe, likapita kiwanja cha nane kilichokuwa kitupu na mbao zake chini ya turubai. Mbele kulikuwa na lango, na kibao cha kambi kilichodondokwa na herufi. Simu ililia kwenye kiti cha pembeni.

"Mama, umeshaanza safari? Nimeweka na mito miwili."

"Kitandue, mwanangu."

"Kitandue? Mama! Ni yule bwana tena? Hebu nisikilize..."

"Nitakusikiliza jioni, Jolynn. Sasa hivi narudi nyuma, nahitaji macho yangu yote."

Alikanyaga breki. Taa nyeupe za nyuma zikawaka, na Idabel akapiga ukelele kiasi cha kumwaga kahawa.

Verlene alishusha kioo na kutoa kichwa. "Orrin!"

"Naam."

"Naingia cha nane. Unaniongoza, au niombe mwingine?"

Mikono ilitoka mifukoni. Orrin alikwenda haraka, alivyoweza yeye kwenda haraka, akasimama mahali anapoonekana kwenye kioo. Kiganja kikavuta kifuani: njoo. Kidole kikazunguka: kata. Verlene alikata. Mikono ile bado ilimuuma kidogo kuitazama. Alijua itamuuma siku nyingine pia, Coralee akiwa hayupo, Orrin akinyoosha tu mkono kuomba chumvi. Alikanyaga breki tena.

"Sizitaki hizo!" alipaza sauti. "Hizo ni za Texas! Nipe ile yangu!"

Orrin alishusha mikono. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, na uso ukambadilika. Alitazama safu nzima ya viti. Alimtazama Idabel. Akamtazama Coralee, aliyekuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kufulia na kapu la nguo kiunoni.

"Mbele ya wote hawa?" aliuliza.

"Umeivua mara ngapi mbele yao, nami sikujua ni siri?"

"Walikuwa hawatazami. Walikuwa wanatazama trela." Alimgeukia. "Na wewe ulikuwa unazima gari."

"Leo sizimi."

Orrin alishika ukingo wa kofia.  Kisha akaivua, akaiweka kifuani, na jua la asubuhi likamwangukia kichwani, kwenye ngozi ile ya waridi iliyokunjamana kama karatasi iliyowahi kufinyangwa na kunyooshwa tena.

"Mungu wangu wee!" Idabel alisema. "Kumbe hana hata unywele!"

Hakuna aliyecheka. Mlangoni, Coralee aliligeuza kapu upande mwingine wa kiuno, akaingia ndani.

Mwaka mzima, kila alipoiona ishara ile, Verlene alikuwa amesimama. Safari hii hakusimama. Alirudi nyuma taratibu, macho yake hayako kwenye kioo cha kulia wala cha kushoto. Yalikuwa kwenye kichwa kile tu, kinavyong'aa, kinavyozidi kukaribia.

Krrr.

"Simama!" Orrin alipiga kelele, kofia ikapaa hewani. "Simama, Verlene! Jiwe! Simama, mwanamke wewe!"

Alikuwa hajawahi kumpazia sauti. Sauti yenyewe ilikuwa kubwa, ya kukwaruza, na iligonga ng'ambo ya ziwa ikarudi. Viti vyote vilisubiri. Verlene alisikiliza ndani yake kama machozi yanakuja. Alisikiliza vizuri, maana aliijua njia yake. Yalipofika hayakuwa machozi. Kilikuwa kicheko, na kilimshika hadi akalalia usukani, honi ikalia yenyewe.

Orrin alifika dirishani akihema, kichwa wazi.

"Nimekupigia kelele," alisema kwa hofu.

"Nimesikia."

"Samahani. Nilikuwa..."

"Nipigie nyingine."

Nyuma yao Idabel alikuwa anapiga makofi peke yake, kisha wote. Na pembeni mwa kiwanja cha nane, juu ya michirizi ya kila rangi, Mvunja Ndoa lilikuwa limeongezewa mstari mmoja mrefu wa buluu, bado mbichi.